Kujilinda si kushika bunduki
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Bunagana wanaoishi Goma)

Aksanti kwa mama aliyetuachia parsele yake leo, na kwa wale walioleta matela.

Nataka kuanza na neno lenyewe, juu kwetu Kivu hili neno limeharibika. Ukisema "kujilinda" hapa, mutu anawaza kalash. Mai-Mai walisema wanajilinda. Raia Mutomboki walianza kule Shabunda mwaka 2005 wakisema wanajilinda na FDLR. Wale walioshika Bunagana tarehe 13 Juni 2022, kisha Goma mwezi wa kwanza 2025, nao wanasema wanalinda watu wao. Kila mwenye bunduki ana kitu anacholinda, na kila mara ni raia ndiye anahama na matela kichwani. Sisi watoto wa Bunagana hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha hiyo.

Leo tunataka kulirudisha neno kwa wenyewe. Kwetu sisi kujilinda ni kitu kidogo: mutu akikushika, unajitoa, unakimbia, unafika nyumbani muzima. Basi. Hakuna kushinda, hakuna kulipiza.

Mutu atauliza: hii inasaidia kweli, ama ni sinema? Muangalie Nairobi. Kule Korogocho, mutaa wa mabati na watu wengi, kuna mabibi wazee waliojifunza kujilinda juu walichoka kushambuliwa na vijana ndani ya nyumba zao. Kikundi chao kinaitwa Shosho Jikinge. Shosho kwao ni bibi. Katika mitaa ya namna hiyo ya Nairobi, wasichana wa shule pia walipewa masomo ya kujilinda, na mwaka 2014 jarida la waganga, Pediatrics, lilichapisha matokeo: zaidi ya nusu ya wasichana waliofundishwa walisema walitumia yale masomo kuzuia shambulio. Hawakuwa na misuli ya ajabu. Walikuwa wamerudia, na kurudia, mupaka mwili ukajua.

Sisi wengi hapa tumemaliza chuo, diploma iko ndani ya sanduku, kazi hakuna. Wakati tunao. Dakika 20, mara mbili kwa juma, watu watatu watatu: mumoja anashika, mumoja anajitoa, wa tatu anaangalia na kusahihisha. Kisha munabadilishana.

Kwanza, sheria za mazoezi. Toeni pete, saa na shanga. Fanyeni polepole kabisa juma mbili za kwanza, juu mwendo wa haraka unaficha makosa. Mwenye kuumia anapiga makofi mawili juu ya mwili wa mwenzake ao chini, na yule anaacha palepale, bila kuuliza. Asiyeheshimu makofi mawili, arudi nyumbani. Na hakuna anayeshikwa kama hajakubali: kama dada anataka kufanya na dada mwenzake tu, ni haki yake, hatoi sababu.

Zoezi la 1: kusimama na kupaza sauti. Muguu mumoja mbele, mwingine nyuma kidogo, magoti yamelegea. Mikono wazi mbele ya kifua, kama mutu anayesema "pole, pole". Haionyeshi ugomvi, lakini inalinda uso na iko tayari. Kisha sauti itoke tumboni: "Wacha! Rudi nyuma!" Wengi wetu tumekomalishwa kunyamaza, zaidi sana wasichana, kwa hiyo mara ya kwanza mutacheka. Muendelee mupaka kicheko kiishe. Na ukilia, utaje kitu ambacho majirani wataelewa: "Wewe wa koti nyekundu, niachie mukono!" Hapo hakuna mutu atasema ni ugomvi wa bwana na bibi.

Zoezi la 2: kutoa mukono. Mutu akikushika kwa kifundo cha mukono, usivute moja kwa moja, atakushinda nguvu. Angalia kidole gumba chake. Pale gumba linapokutana na vidole vingine ndipo mulango uko. Geuza mukono wako upande wembamba uelekee pale, leta kiwiko karibu na mwili wake, kisha toka kwa mwili wote huku unarudi nyuma. Mara kumi kuume, mara kumi kushoto.

Zoezi la 3: kukabwa koo kutoka mbele. Hapa mwenye kushika aweke mikono juu ya mabega ya mwenzake, si shingoni, tunajifunza, hatukabani. Shusha kidevu. Inua mukono mumoja juu kabisa, bega liguse sikio, kisha geuza mwili wote upande wa mukono wa pili, kama unataka kuangalia nyuma. Ni mugongo na kiuno vinavyofungua mikono yake, si vidole vyako.

Zoezi la 4: kuanguka. Goma tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, kwa hiyo zoezi hili ni juu ya matela tu, na unaanza ukiwa umechuchumaa. Kidevu kifuani, mugongo wa muviringo kama kikapu, kichwa kisiguse chini. Ukiisha kuwa chini, elekeza miguu kwa adui na umusukume nayo, kisha simama ukimuangalia.

Zoezi la 5: kufungua njia. Hii tunapiga muto, hatupigi mutu. Kiganja, pale chini karibu na kifundo, kinaenda puani. Goti linaenda katikati ya miguu. Mara mbili, tatu, kisha unakimbia. Na kukimbia ni sehemu ya zoezi: kila mara umalize kwa kukimbia mupaka mulangoni. Nimeona watu wanapiga muto vizuri kisha wanasimama kuangalia kama umeumia. Barabarani, ile dakika ya kuangalia ndiyo anakushika tena. Ukimbilie wapi? Jua kabla: duka lenye taa, kwenye motari wanaegesha, nyumba unayoijua.

Sasa, mipaka. Mwenye bunduki ao panga hatupigani naye. Anataka simu? Simu ni yake. Mikono aione, usifanye mwendo wa gafla. Hakuna zoezi la kuzuia risasi, na anayekuambia lipo anakudanganya.

Mupaka wa pili: hatari ikiisha, na wewe umeisha. Mwizi akishikwa, akiwa chini, na watu wanaleta mawe na mupira wa gari, hiyo si kujilinda tena. Tumeona hiyo katika mji huu mara nyingi sana. Ukijifunza hapa kisha ukaenda kupiga mutu aliye chini, umeingia ndani ya hadisi ileile ya wale niliowataja mwanzo. Wote walianza kwa kujilinda.

Jambo la mwisho, na naomba tunyamaze kidogo. Kati yetu kuna waliovamiwa na hawakuweza kufanya chochote. Mwili unaganda. Sauti inakataa kutoka. Hiyo si uoga, si kukubali, na si kosa lako hata kidogo. Mazoezi haya yasiwe fimbo ya kumupigia mutu tukisema "wewe haukujitetea". Kosa ni la aliyefanya. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inamuazibu yeye. Ikimupata mutu, afike hospitali mbele ya saa 72 zipite, juu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapashwa kuanzwa ndani ya muda huo, na mapema ni bora zaidi. Ni wewe rafiki utamusindikiza, saa yoyote.

Na wenye mamlaka wasifikiri kwamba tukijua kutoa mukono wao wamepumzika. Kulinda raia ni deni lao, liko palepale.

Haya. Toeni saa na pete. Watatu watatu. Tunaanza na sauti.