Kwa Nini Tuliacha Pikipiki ya Matairi Manne



Wengi mnatufahamu. Sisi ni wale tuliotoka Burundi, tukaishi kambi ya Mtabila hapa Kasulu kabla haijafungwa mwaka 2012, kisha tukapelekwa Australia. Huko tunafanya kazi katika shamba la kondoo na ng'ombe, jimbo la New South Wales. Sasa tuko likizo.

Tangu tufike, swali ni moja tu. Ile picha ya shemeji yetu akiwa juu ya pikipiki ya matairi manne imezunguka kijiji kizima. Vijana wa bodaboda wanatuuliza, "Bado mnayo? Mbona picha za siku hizi mmekaa ndani ya kigari?" Mwalimu akasema afadhali tueleze mbele ya watu wote. Haya, tutaeleza. Shemeji mwenyewe yupo hapa, tukikosea atatusahihisha.

Kwanza tujue vyombo vyenyewe. Pikipiki ya matairi manne ni chombo cha mtu mmoja. Unaipanda kama punda, mguu huku na mguu huku. Unashika usukani kama wa pikipiki hizi zetu, lakini mafuta unatia kwa kidole gumba. Uzito wake ni kama kilo 300, yaani magunia matatu ya mahindi. Haina paa wala mkanda.

Kigari cha shambani ni kitu kingine. Watu wawili hukaa bega kwa bega, kila mmoja kwenye kiti chake, wamefunga mkanda. Usukani ni wa mviringo, kama wa gari. Juu ya vichwa vyao kuna fremu ya vyuma vya nguvu, na nyuma kuna bodi ndogo ya mizigo.

Shamba letu lina ekari zaidi ya 3,000. Kukagua seng'enge, kupeleka chumvi ya ng'ombe, kukusanya kondoo, kupiga dawa ya magugu, kazi zote hizo tulizifanya kwa matairi manne. Tena tuseme kweli, tuliipenda sana. Kondoo akikimbia unageuka naye papo hapo. Unapita katikati ya miti. Mbwa anaruka na kukaa nyuma yako.

Na mtu akiona matairi manne anasema, hiki hakianguki, kimesimama kama meza. Hata sisi tulisema hivyo. Kumbe chombo ni chembamba na mtu amekaa juu. Kwenye mteremko ni lazima uegemee upande wa juu wa mlima, maana uzito wa mwili wako ndio unaosaidia chombo kisipinduke. Ukichoka, ukisahau, au tairi moja likipanda kichuguu, basi. Pikipiki ya kawaida ikianguka mara nyingi inakulalia mguu. Hii inabingirika na kukukalia kifuani.

Siku ile shemeji alikuwa anapiga dawa peke yake kando ya korongo. Nyuma alikuwa na tangi la lita 80, dawa imebaki nusu. Mama zetu mnaochota maji mnajua: ndoo ya nusu inacheza kichwani kuliko ndoo iliyojaa. Ndiyo maana mnaweka jani juu ya maji. Tangi halina jani. Shemeji alipokata kona kwenye mteremko, dawa yote ilikwenda upande wa chini, na chombo kikafuata.

Sisi wawili tulikuwa ng'ambo ya seng'enge tunakaza waya. Tulisikia mlio wa injini unabadilika, halafu kimya. Tulikimbia. Tulimkuta amelala chali, chombo kiko juu ya kifua chake, macho wazi, mdomo unafunguka bila sauti. Damu haikuwapo. Shingo nzima. Alikuwa hawezi kuvuta pumzi, hilo tu. Watu wengi wanaokufa chini ya chombo hiki hufa kwa namna hiyo, na mara nyingi hakuna mtu karibu wa kukiinua. Tuliinua. Alivunjika mbavu tatu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ardhi ilikuwa laini, ikambonyea kidogo. Tungekuwa tumekwenda kunywa chai, leo tusingekuwa naye hapa.

Jambo hili si letu peke yetu. Kati ya mwaka 2011 na 2018, watu zaidi ya 100 walikufa Australia kwa ajali za pikipiki hizi, na wengi walikuwa mashambani. Wamo wazee waliozoea chombo miaka mingi, na wamo watoto, ingawa watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba chombo cha watu wazima kisiendeshwe na mtu wa chini ya miaka 16. Mwaka 2019 serikali ikatoa kanuni. Kuanzia tarehe 11 Oktoba 2021, pikipiki mpya ya kazi ya namna hii haiuzwi bila kifaa cha kumkinga dereva. Kwa mfano, ni chuma kilichopindwa kama upinde nyuma ya kiti. Chombo kikipinduka, chuma kinaacha nafasi ili mtu asibanwe.

Msifikiri watu walikubali kirahisi. Baadhi ya makampuni yalisema bora kuacha kuziuza huko. Wakulima wengine walisema chuma hicho ndicho kitakachompiga mtu. Siku moja mnadani wazee wawili nusura washikane mashati. Pikipiki yetu ilinunuliwa kabla ya kanuni, kwa hiyo haikuwa na upinde.

Kuna jambo jingine linalotushangaza. Kabla ya matairi manne kulikuwa na matairi matatu. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1970. Zilipindua watu mno, mpaka mwaka 1988 makampuni yakakubaliana na serikali ya huko kuacha kuuza mpya. Watu wakahamia manne wakidhani taabu imekwisha.

Basi, mwenye shamba aliuza ng'ombe akanunua kigari. Bei ni kubwa kuliko ya matairi manne, tena kubwa sana. Kigari ni kipana, ikabidi tupanue mageti mawili. Kati ya miti hakipiti, kwa hiyo kondoo wa kule bondeni sasa tunawafuata kwa miguu, na vijana wananung'unika.

Lakini taabu kubwa ilikuwa mkanda. Kutoka nyumbani hadi lambo la mwisho kuna mageti tisa. Kila geti ufungue mkanda, ushuke, ufungue, upande, upite, ushuke, ufunge geti, upande, ufunge mkanda. Nani atafanya hivyo mara tisa? Mwenzetu mmoja aliufunga mkanda nyuma ya mgongo wake na kuukalia, ili ile kengele ya mkanda inyamaze. Hatumtaji jina, lakini anacheka hapo nyuma.

Mtu asiyefunga mkanda, kigari kikipinduka, anarushwa nje, na ile fremu iliyowekwa kumlinda inamwangukia yeye. Hata aliyefunga akitoa mkono kujizuia, mkono unakwenda chini ya chuma. Tulibishana juma zima. Mwisho tulikubaliana kwamba kwenye mageti watu wanakwenda wawili. Dereva hafungui mkanda mpaka amefika na kuzima. Abiria ndiye wa mageti, naye akirudi kwenye kiti, kigari hakiondoki mpaka dereva asikie mkanda wake umelia "ta". Shemeji ndiye abiria siku nyingi, maana mbavu bado zinamsumbua akiendesha.

Ile ya zamani bado ipo chini ya mti, kuku wanalala juu yake. Kijana wa shamba la jirani amekuja mara mbili na fedha mkononi, anaitaka hivyohivyo ilivyo. Wengine kati yetu tunasema ifungwe upinde kwanza, halafu auziwe kwa bei ya chini. Shemeji anasema ikatwe iwe chuma chakavu. Mwenye shamba alikuwa hajajibu tulipoondoka.

Sasa tupo tayari kwa maswali. Vijana wa bodaboda waanze, tunaona mikono iko juu tangu zamani.