Piga Hesabu Kabla ya Kupanda Treni



Reli yetu ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976. Inatoka Dar es Salaam, inapita hapa kwetu, inaishia Kapiri Mposhi, nchini Zambia. Basi mtu akisikia huko kuna kazi, anaona ni karibu tu. Anamwambia mama watoto, "Mwezi wa kwanza nitatuma hela." Mwezi unakwisha, hela haziji. Badala yake anaomba liuzwe gunia la mahindi, atumiwe nauli ya kurudi. Je, alidanganya? Hapana. Alishika mshahara wa kutajiwa, akasahau mshahara wa mkononi.

Haya, chukueni kalamu. Tuanze na hapa Tanzania. Mtu anaajiriwa kwa Sh. 500,000 kwa mwezi. Akikatwa asilimia 10 ya NSSF, zinatoka Sh. 50,000. Zinabaki 450,000. Sh. 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Zilizozidi ni 180,000, nazo hutozwa asilimia 8, yaani Sh. 14,400. Mkononi anapata Sh. 435,600.

Zambia nako wanakata, ila viwango ni vingine. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, kwacha 5,100 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Zinazozidi hapo hadi 7,100 hutozwa asilimia 20, kisha 30 hadi 9,200, na zaidi ya hapo 37. Tena kuna makato ya pensheni, asilimia 5, na ya bima ya afya, asilimia 1.

Sasa sikilizeni. Neno kodi lina maana mbili: kodi ya serikali na kodi ya chumba. Zote mbili zinakungoja. Kwa hiyo ukiahidiwa kazi, uliza:

1. Mshahara huu ni kabla ya makato au baada yake?
2. Chumba ni kiasi gani, na mwenye nyumba anadai miezi mingapi mbele?
3. Unga, mkaa na nauli ya kwenda kazini ni kiasi gani?
4. Kibali cha kazi kipo, na nani anakilipia?

Toa vyote hivyo. Kinachobaki, kigeuze kuwa shilingi kwa bei ya siku hiyo. Hicho ndicho cha kutuma nyumbani. Kama ni kidogo kuliko kinachotoka shambani kwako, umekwisha jijibu.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma ili karatasi isitudanganye. Kabla ya kukata tiketi, kaa na mama watoto, mwandike hesabu hiyo pamoja.