Mto Tana na Watu Wake wa Juu na wa Chini

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri imetupa heshima ya kusema maneno machache katika mkutano huu, nasi twashukuru. Desturi ya siku kama hii ni kusoma hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, na kazi hiyo Bwana Mweka Hazina amekwisha kuitimiza. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haijapata kusomwa mbele yetu, nayo ni hesabu ya maji.

Katika ukumbi huu wamo watu waliozaliwa Nyeri, Murang'a na Kirinyaga; wamo wa Embu, Mbeere, Tharaka na Meru; wamo wa Ukambani; na wamo waliozaliwa Garissa, Hola, Garsen na Kipini. Sisi sote tumelelewa na mto mmoja. Hata hivyo, fedha za kuwasaidia waliopatwa na mafuriko zilipojadiliwa, mwenzetu mmoja alisimama akauliza kwa nini watu wa juu wachangie shida ya watu wa chini. Swali lile halikuwa baya, wala aliyeliuliza hakuwa mtu mbaya. Ila siku ile hatukulijibu. Leo twataka kulijibu, na jibu lenyewe yatupasa kulitafuta katika mto.

Kwanza natuutazame mto ulivyo. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya; mwendo wake ni kama kilomita 1,000. Chanzo chake si kimoja. Vijito vyake vyatoka katika milima miwili: Safu ya Nyandarua upande wa magharibi, na Mlima Kenya wenye kimo cha meta 5,199. Kutoka Nyandarua hushuka Chania, Thika, Maragua, Mathioya na Gura. Kutoka Mlima Kenya hushuka Ragati, Nyamindi, Thiba, Rupingazi, Thuci, Mutonga na Kathita. Haba na haba hujaza kibaba. Huko juu mto huitwa Sagana, na wengine huita Thagana. Kule chini Wapokomo huuita Tsana. Majina yafanana, kama majina ya ndugu waliozaliwa nyumba moja wakaolewa mbali.

Mto huu haukwendi moja kwa moja baharini. Huteremka kuelekea kusini na mashariki, kisha huuzunguka Mlima Kenya kama upinde, ukielekea kaskazini na mashariki kupitia Tharaka na nchi ya Kora. Ndipo ugeukapo tena, ukashika njia ya kusini kupita Garissa, Hola na Garsen, hata ukafika Kipini katika Ghuba ya Ungwana. Tazameni sasa jambo hili. Katika miteremko ya juu ya milima, mvua hupita milimita 1,800 kwa mwaka. Garissa haifiki milimita 400. Baada ya vijito vya upande wa Meru kuingia, hakuna tena kijito cha kudumu kiuongezacho Mto Tana mpaka baharini. Yako makorongo tu, yajaayo siku mbili tatu na kukauka. Kwa hiyo, kwa mamia ya kilomita katika nchi kavu, mtu wa chini hunywa mvua iliyonyesha juu ya shamba la mtu wa juu. Hakuna nyingine.

Mvua za masika zikinyesha milimani, mto hufurika kule chini. Na mvua za vuli zikinyesha, hufurika tena. Mgeni akiona maji yametoka kingoni husema ni balaa. Mpokomo wa zamani hakusema hivyo. Yeye alingoja furiko kama mkulima wa juu angojavyo mvua, kwa maana maji yale yaliacha udongo mpya wenye rutuba kutoka milimani, na katika udongo ule alipanda mpunga, mahindi na ndizi. Miembe yake na misitu ya kando ya mto ilikunywa maji yaliyozama ardhini. Na maji yalipopungua, majani mabichi yalimea katika mabonde ya chini, nao Waorma wakashuka na ng'ombe wao wakati wa kiangazi. Njia za kuwafikisha ng'ombe majini huitwa malka, na wazee wa pande zote mbili walizijua, kila moja kwa jina lake.

Sasa natutazame mambo ya kale. Karibu na mdomo wa mto iko mahame ya miji ya Waswahili, kama vile Ungwana, ambayo kuta za misikiti yake zasimama hata leo. Katika nchi ile ya Ozi na Shaka ndiko wazee wanakomweka Fumo Liyongo, shujaa na mshairi ambaye kila mtoto wa pwani amesimuliwa habari zake. Wataalamu wa lugha nao wamekwisha kuonyesha ya kuwa Kiswahili, Kipokomo na lugha za Wamijikenda ni za ukoo mmoja. Hata lugha tuzungumzayo katika ukumbi huu, basi, inao jamaa wa karibu katika kingo za mto huu.

Huko juu, Wakamba walikuwa wafanya biashara mashuhuri, na misafara yao ilichukua pembe za ndovu mpaka Mombasa. Mkubwa wao mmoja, Kivoi wa Kitui, alimpokea mmisionari Krapf, ambaye mnamo Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka nchi ya Kitui. Mwaka 1851 wawili hao walifunga safari kwenda Mto Tana. Wakavamiwa na wanyang'anyi karibu na mto, Kivoi akauawa, na Krapf akarudi kwa shida kubwa. Baadaye walikuja wengine wenye tamaa ya nchi. Wajerumani walijipatia himaya ya Witu mwaka 1885, na mwaka 1890 wakawaachia Waingereza kwa mkataba. Mwaka 1889 Carl Peters alipanda kandokando ya mto na bunduki zake. Watu hao wote waliutazama mto kama mlango wa kuingilia bara. Wenyeji hawakuulizwa kama mlango ule ulikuwa wazi.

Liko jambo moja katika historia ambalo latuunganisha kwa uchungu. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwachukua watu kutoka milimani, mahali mto unapozaliwa, ikawafunga kizuizini Hola, kule chini katika joto kali, penye mradi wa kumwagilia mashamba kwa maji ya mto. Tarehe 3 Machi 1959, watu 11 miongoni mwao walipigwa hata wakafa, kwa sababu walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo ule haukudumu. Habari zilifika mpaka Bunge la Uingereza, na nguvu ya ukoloni katika Kenya haikuwa tena kama zamani. Twauliza: mama wa Nyeri au Murang'a aliyempoteza mwanawe Hola, je, atasema kwamba Hola si kwao?

Na mwaka 1963, taifa letu lilipotaka wimbo wake, sauti yake ilitolewa katika wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto. Kila tusimamapo wima kuuimba, twasimama kwa sauti iliyotoka kingo za Tana.

Mabibi na mabwana, tumekuja sasa kwenye hesabu yenyewe. Tangu uhuru, mto huu umefungwa kwa mabwawa matano yaliyofuatana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Umeme wake umeendesha viwanda na kuwasha taa katika nyumba zetu. Mji wa Nairobi nao hupata sehemu kubwa kabisa ya maji yake ya mabomba kutoka vijito vya juu vya Tana, kwa mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Mpunga wa Mwea hunyweshwa na Thiba na Nyamindi. Faida hizi ni kubwa, wala hatukusimama hapa kuzikataa. Mtoto asomaye usiku kwa taa ya umeme, na mgonjwa apasuliwaye hospitalini, wote wanamshukuru Tana hata kama hawamjui.

Lakini kila faida inayo gharama, na gharama hii haikugawanywa sawa. Mabwawa huyazuia yale mafuriko madogo ya kila mwaka yaliyoleta rutuba. Na mvua zikizidi mno, kama mwaka 2018 na mwaka 2024, mabwawa hujaa yakafurika, na mtu wa chini huambiwa ahame upesi. Basi akosa furiko alilolitaka, apata furiko asilolitaka. Na udongo je? Mashamba ya juu yakilimwa mpaka ukingoni, bila matuta wala miti, mvua huuchukua udongo na kuutia katika bwawa la Masinga, ukalala humo. Mkulima wa juu amepoteza udongo, bwawa limepoteza nafasi ya maji, na mkulima wa chini hakuupata. Hasara ya watu watatu, faida ya hakuna.

Tena mto ukipungua, ugomvi huongezeka. Mwaka 2012 na mapema mwaka 2013, katika nchi ya mdomo wa Tana, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto wachanga. Yalisemwa mengi juu ya siasa, na huenda mengi yalikuwa kweli. Lakini chini ya maneno yote palikuwa na jambo la zamani: mkulima amepanda mpaka majini, na mfugaji hana tena njia ya kuwanywesha ng'ombe. Katika mwaka huohuo wa 2012, nchi ile ilitiwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi za majimaji zenye thamani kwa dunia nzima. Ulimwengu uliiona thamani yake wakati wenyewe walipokuwa wakizikana.

Sasa twarudi kwa swali la mwenzetu. Kwa nini watu wa juu wachangie shida ya watu wa chini? Jibu letu ni hili: tulichotoa katika sanduku la mafuriko si sadaka. Sisi tunaokaa mjini, tukifungua bomba na kuwasha taa, tumekwisha kupokea kutoka mtoni kabla ya mtu wa Garsen kupokea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini haifai mwenye shibe akijua chakula kilikotoka aseme hajui. Tulichotoa ni sehemu ndogo ya deni.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ufikiri mambo matatu. La kwanza, sanduku la mafuriko liwe la kudumu, likusanywe wakati wa kiangazi kabla ya mvua, ili msaada ufike siku nyumba zinapozama, wala si mwezi wa tatu baadaye wakati watu wamekwisha kuuza mbuzi wao. La pili, wanachama wenye mashamba milimani waache ukanda wa kingo za mito bila kulimwa, wapande miti ya asili badala ya mikaratusi inywayo maji mengi, na wachimbe matuta katika miteremko. Kazi hii haihitaji fedha za mtu. Yahitaji jembe na moyo. La tatu, wanachama wetu wa kule chini, Wapokomo na Waorma wanaoketi pamoja katika ukumbi huu bila ugomvi, warudipo makwao wakati wa likizo wakae na wazee, waziandike malka zote zilizo wazi na zilizozibwa, ili jambo hilo lizungumzwe wakati wa amani. Hapo ndipo lizungumzikapo.

Tulipoanza tulisema kwamba iko hesabu ambayo haijasomwa. Tumeisoma leo, nanyi mmeisikia. Mwaka ujao, Mungu akitujalia uzima, Bwana Mweka Hazina atasimama tena kusoma hesabu yake. Twatumaini kwamba katika karatasi yake patakuwapo mstari mmoja wa sanduku la mafuriko, na kwamba fedha zitakazoonekana hapo zitakuwa zimetoka juu na chini, pande zote mbili za mto.