Kazi ni Haki, Si Zawadi ya Huruma

Ndugu waamini, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo,

Tunapowataja walemavu, mara nyingi fikra zetu hukimbilia sadaka. Leo nawaalika tutafakari haki. Mlemavu wa akili aliye mtu mzima hahitaji nguo zetu kuukuu tu. Anahitaji kazi na ujira wake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba walemavu nao ni watu kamili wenye haki takatifu, na kwamba kuwapokea kazini wenye nguvu peke yao ni kuukana utu wetu sote.

Wengi husema, “Afundishwe kwanza, ndipo aajiriwe.” Matokeo yake, wengine huzeeka katika mafunzo. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, mwalimu Marc Gold aliwafundisha watu waliodhaniwa hawafundishiki kuunganisha breki za baiskeli. Aliigawa kazi katika hatua ndogo ndogo, akawaonyesha moja baada ya nyingine. Baadaye ikaenea njia hii: mtu huanza kazi halisi yenye mshahara, kisha hufundishwa papo hapo na msaidizi, ambaye hujitenga polepole kadiri mwenzake anavyozoea.

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Lakini ni rahisi kutimiza idadi hiyo pasipo kumfikiria mlemavu wa akili, kwa kuwa yeye mara nyingi hana wa kumsemea.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila jumuiya iwatambue vijana hawa, iwaulize wao wenyewe wanapenda na wanaweza kazi gani.

Pili, wenye maduka, karakana na matanuri ya mikate wawapokee, na jumuiya imtoe mtu wa kuwasindikiza majuma ya mwanzo.

Tatu, wazazi huogopa mtoto wao asije akadhulumiwa. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo walei waliopewa jukumu watembelee mahali pa kazi, wahakikishe analipwa fedha sawa na wenzake kwa kazi ile ile, wala si sahani ya ugali.

Nne, parokia, shule na zahanati zetu ni waajiri pia. Kabla hatujabisha hodi kwa tajiri, tufungue milango yetu wenyewe.

Tumsifu Yesu Kristo.