Fuko na Bata Maji

Maneno kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware Juu ya Maji



Katika nchi kavu za Isiolo na Tsavo huishi fuko asiye na manyoya, mnyama wa urefu wa sentimita 8 hadi 10 tu. Hukaa chini ya ardhi katika kundi ambalo huweza kufikia 300, na malkia mmoja ndiye azaaye. Fuko huyu hana haja ya kunywa maji. Huyapata katika viazi vya porini avilavyo. Akikuta kiazi kikubwa hakimalizi. Hula sehemu ya ndani, ganda akaliacha, nacho huendelea kukua, hata kundi likapata kula tena siku nyingine.

Bata maji ni kinyume chake. Chakula chake kimo majini, na adui akija hukimbilia majini. Karibu na mkia ana tezi itoayo mafuta, naye huyapaka manyoya yake kwa mdomo ili maji yasipenye. Lakini mafuta ya magari yakimwagwa majini, kinga hiyo huharibika, na baridi humwingia hata akafa.

Bwawa la Nairobi, lililo kando ya Kibera, lilifunguliwa mwaka 1953 ili kuupatia mji maji ya kunywa. Baadaye taka na tope zililijaza, na magugu maji yakaufunika uso wake. Hivyo watu wanaoishi ukingoni mwa bwawa hununua maji kwa mtungi, sawa na wenzao wa Kawangware. Bata huweza kuruka akatafute bwawa jingine. Mama mwenye watoto hawezi.

Tena, mabomba mengi ya plastiki hupita mitaroni. Maji yakikatika, uchafu huvutwa ndani kupitia nyufa. Kwa sababu hiyo, hata maji yaonekanayo safi huweza kuleta kipindupindu au homa ya matumbo.

Basi yafaa maji ya kunywa yachemshwe, na kuwekwa katika chombo safi chenye kifuniko. Aonaye bomba limepasuka atoe habari upesi. Na taka zisitupwe mtaroni, kwa kuwa mtaro huishia mtoni.

Fuko hali kiazi chake chote, wala hana shule aliyosoma. Binadamu mwenye akili hashindwi kuulinda mto wake.