Rejista Haitembelei Mtu
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25



Miaka 25 si haba. Tungeweza kuwahesabia safari, sare na nyimbo tulizorekodi. Lakini kwa kuwa tumeombwa tuseme juu ya huduma na uongozi, kamati imekubali tuwasimulie jambo ambalo halimo katika picha zilizobandikwa ukutani.

Kuna mwaka ambao mama mmoja wa sauti ya pili hakuja mazoezini kwa majuma kumi na moja. Kila Jumamosi tuliandika "hayupo" mbele ya jina lake, kwa kalamu nyekundu. Tulikuwa tukijitayarisha kwa tamasha, basi tukasema amepoa. Mwishowe tukapitisha kwamba sare irudishwe, ipewe mwingine, na wenzetu wawili wakatumwa kuichukua.

Walimkuta akimuuguza mumewe. Sare ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imetundikwa ukutani. Alipowaona alifurahi, akidhani wamekuja kumpa pole. Wale wawili hawakuitaja sare. Waliomba naye, wakamtekea maji, wakarudi kutuambia. Siku hiyo hatukuimba.

Ndugu zetu, sisi ni Wamethodisti, na jambo hili tulipaswa kulijua. Mwaka 1742, kule Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Ikapendekezwa kila mtu atoe peni moja kwa juma, na watu wagawanywe kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wake wa kukusanya. Viongozi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Walifuata peni, wakakuta watu: huyu ana shida, yule ameteleza katika mwenendo wake. Wesley akatambua kwamba hii ndiyo njia ya kuwachunga watu aliyokuwa akiitafuta. Hivyo ndivyo madarasa yetu yalivyoanza, na wengi walioyaongoza hawakuwa wachungaji. Walikuwa waumini wa kawaida, wanaume kwa wanawake.

Charles, ndugu yake John, alitunga nyimbo zaidi ya 6,000. Lakini nyimbo hizo ziliimbwa na watu waliojuana hali. Kiongozi wa darasa alijua nani amelala na njaa na nani ameacha kuomba. Imani hiyo ndiyo iliyofika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na ikatufikia sisi.

Wale wenzetu wawili nao walifuata sare, wakamkuta mtu. Tangu hapo tumejigawa kwa vijiji, na kila kundi lina kiongozi wake. Rejista yetu sasa ina safu mbili: ya kwanza yauliza nani hayupo, ya pili yauliza nani amemtembelea. Hatujafaulu kila juma. Kuna kurasa ambazo safu ya pili ni tupu, na tunaona haya kuzionyesha. Lakini tunazihifadhi, ili zitukumbushe.

Wachungaji wetu huhamishwa. Ndivyo kanisa letu lilivyo. Anayewajua watu wa mtaa huu kwa majina atakuja na atakwenda. Sisi tunabaki. Kwa hiyo tukimwachia mchungaji peke yake kazi ya kuchunga, kila uhamisho utatupotezea watu.

Kwenu vijana mtakaowekewa mikono leo kuingia katika kamati: mtapokea funguo za kabati, kinanda, kitabu cha benki na rejista. Vyote vitunzeni. Lakini mtu asipokuja Jumamosi, msingoje majuma kumi na moja. Nendeni Jumapili jioni. Mkikosa la kusema, tekeni maji.

Yule mama ametupa ruhusa kuyasema haya. Mumewe alilala mwaka ule ule, na kwaya hii ndiyo iliyoimba mazishini, naye akiwa amevaa sare yake. Leo yuko hapa, safu ya pili, na baada ya hotuba hii ndiye atakayetuanzishia wimbo.

Mungu awabariki. Amina.