Mbele ya Kufungua Sanduku: Namna ya Kupima Noah ya Okazioni

Mazungumzo ya ndugu mwanachama, shofa, kwenye mkutano wa mituele yetu



Komite imeniomba niseme juu ya ile gari tunayotaka kununua. Mimi si mekanisie wa shule. Nimeendesha tu njia ya Goma, Sake na Masisi kwa miaka mingi. Feza iliyo katika sanduku munajua ilikotoka: maharagwe, viazi, fromaji, na mizigo tuliyobeba mugongoni kule Goma tukiwa bado kwenye makambi. Ikipotea, hatuna ingine. Ndiyo maana nitasema polepole.

Nianze na kosa langu. Kuna mwaka tulinunua Noah, mimi na wenzangu wawili. Tulipofika kwa muuzaji, gari ilikuwa imeoshwa, inangaa, moteri inaunguruma vizuri. Mimi nikafurahi. Sikujiuliza: kwa nini moteri iko moto wakati sisi njo tunafika? Siku ya tatu, tukiwa tumejaza watu, tulipita Sake tukaanza kupanda, na maji yakachemka. Watu walishuka usiku. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa tulimtafutia moto, akaendelea. Yule mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini mimi sijasahau.

Kwa hiyo somo la kwanza: gari iangaliwe asubuhi, moteri ikiwa baridi. Weka mkono juu ya kapo. Ukikuta joto, sema tutarudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha mafuta ya moteri. Ukiona kitu cheupe kama maziwa, maji yanaingia ndani ya mafuta, nenda zako. Kisha iwashwe, mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu usiokwisha, gari inakula mafuta ya moteri. Moshi mweupe mzito hata moteri ikiisha kupata moto, inakula maji.

Pili, boite. Noah nyingi ni automatiki. Chomoa kile kijiti cha mafuta ya boite, pangusa kwenye karatasi nyeupe. Yakiwa mekundu, sawa. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, boite iko karibu kufa, na bei yake itatushinda.

Tatu, jina "Noah" peke yake halitoshi. Soma kibati cha shasi. SR40 na AZR60 zinavuta kwa magurudumu mawili. SR50 na AZR65 zinavuta kwa yote ine. Zile SR ni za zamani, za mpaka 2001: moteri iko chini ya viti vya mbele, na ndani yake muna mukaba. Muulize muuzaji mukaba ulibadilishwa lini. Akikosa jibu, hesabu feza ya kuubadilisha ndani ya bei, juu ukikatika gari inazima palepale. Moteri ya AZR inatumia mnyororo. Tena, zile SR ziko na mlango mmoja tu wa kusukuma, upande wa kushoto. Zilitengenezwa kwa Japani, ambako wanatembelea kushoto. Kwetu tunatembelea kuume, kwa hiyo watoto na wazee wanashukia katikati ya barabara. AZR iko na milango pande zote mbili.

Ine, usiamini kilometa za kwenye saa; zinarudishwa nyuma. Angalia kaochu ya pedali ya freni, usukani na kiti cha shofa. Saa ikisema kilometa elfu makumi sita na pedali imelika mpaka chuma, moja kati ya hizo mbili inasema uongo, na si pedali. Ingia na chini, utazame shasi: kutu, mahali paliposudiwa, mafuta yanayodondoka.

Tano, tuijaribu kwa njia yetu. Lami ya Goma haionyeshi kitu. Tupakie watu nane, tupande kutoka Sake kuelekea Matanda, tuangalie mushale wa joto. Muuzaji akikataa, tumepata jibu bila kulipa hata dola moja. Na ndugu zetu wa Walikale wasinikasirikie: mimi siwezi kuahidi Noah kupita Nyabiondo wakati wa mvua. Kule moto bado itakuwa ya lazima. Heri tuseme leo kuliko kugombana kesho.

Karatasi: karti roze na karatasi za DGDA ziwe na namba ileile ya kwenye shasi. Zisome kwa macho yako, si kwa mdomo wa komisionere.

Neno la mwisho ni kwetu wenyewe. Yule atakayepima gari asipate komisio kwa muuzaji. Hata mimi. Ninaomba watu watatu waende: shofa, mekanisie tutakayemlipa sisi, na mama mmoja wa sanduku ambaye hajui gari lakini anajua feza. Mmoja wao akisema hapana, tusinunue. Na tusimalize feza yote kwa bei. Tubakize ya mipira, freni na mafuta, juu hakuna okazioni inayotoka kwa muuzaji ikiwa kamili.

Gari ingine itapatikana wiki ijayo. Sanduku lingine, hapana.

Mwenye swali aulize.